Je, Tungoje Redio ya Dijitali?

Nataka kusema machache katika gazeti letu la muhula huu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana hapa shuleni, na kule mjini pia, tangu masika. Wasomaji wote wajua kwamba redio ndogo ya wilaya yetu imenyamaza. Radi ilipiga mlingoti kule kilimani usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, ikaunguza mtambo wa kurushia matangazo, na tangu usiku ule hatujasikia neno. Kipindi chetu cha Jumamosi, ambacho wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne walikuwa wakikisoma kwa zamu, kimekufa pamoja nao. Mama yangu hukaa mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka hapa. Yeye alikuwa akisikia sauti yangu mara moja kila muhula, naye aliwaita majirani waje wasikie. Sasa akifungua redio mahali pale husikia mvumo mtupu kama wa mvua juu ya bati.

Kamati ya redio imeanza kuchangisha fedha ili inunue mtambo mwingine. Shule nayo imeombwa itoe sehemu ya mfuko wa Chama cha Redio, mfuko ambao tuliujaza wenyewe kwa kuuza maandazi na karanga siku za michezo. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Wako wanaosema kwamba si akili kutia fedha zetu katika mtambo wa FM, kwa kuwa FM ni kitu cha kale, tena kinakufa, na huko Ulaya wameshaanza kuizima. Wao wataka tungoje, tuweke akiba, hata siku tutakapoweza kuingia moja kwa moja katika redio ya dijitali. Mwenzangu mmoja, ambaye ni hodari wa Fizikia kuliko mimi, alisema katika mdahalo wetu kwamba kununua mtambo wa FM leo ni sawa na kununua taipureta. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka, lakini nilipokwenda kulala sikuwa na raha. Nilijua kuna jawabu, ila sikuwa nalo. Likizo iliyopita nimelitafuta, na hili ndilo nililopata.

Nianze na kitu kilicho nyumbani kwa babu. Juu ya kabati lake la vyombo kuna redio moja nzuri sana kwa umbo, nyeusi, yenye kioo kidogo cha maandishi, na antena bapa mfano wa kifuniko cha kitabu. Tangu nilipopata akili sijapata kuisikia ikisema. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo. Kumbe ni redio ya dijitali! Babu aliinunua Dar es Salaam alipokuwa karani, akailipia fedha ambazo bibi hajamsamehe hata leo.

Redio hiyo ni ya kampuni iliyoitwa WorldSpace. Mwanzilishi wake, Bwana Noah Samara, ni mzaliwa wa Ethiopia, na fikira yake ilikuwa njema kabisa. Aliona kwamba watu wengi wa Afrika wako mbali na vituo vyenye sauti safi, akasema, na tuweke kituo mbinguni. Kampuni ilianzishwa mwaka 1990. Tarehe 28 Oktoba 1998 setilaiti yake iitwayo AfriStar ilirushwa kwa roketi ya Ariane kutoka Kourou, na mwaka 1999 matangazo yakaanza. Setilaiti ilikaa juu ya ikweta, katika longitudo ya nyuzi 21 mashariki, na kutoka hapo ilifikisha mawimbi yake Afrika nzima na nchi za Mashariki ya Kati. Mtu wa Dar es Salaam aliielekeza antena yake juu sana, ikiegemea kidogo upande wa magharibi, naye akapata idhaa nyingi bila mkwaruzo wowote. Babu asema alikuwa akisikia BBC kana kwamba msomaji wa habari ameketi mkekani pamoja naye.

Basi kwa nini iko juu ya kabati? Si kwa sababu chombo kilikuwa kibovu. Wenzangu wa Fizikia wayaangalie sana maneno haya, maana ndipo tunapotofautiana. Ufundi wa WorldSpace ulifaulu, na hesabu ya fedha ndiyo iliyoshindwa. Redio zenyewe hapo mwanzo ziliuzwa kwa zaidi ya dola 200. Ni mtu gani wa kijijini angetoa dola 200? Hata mwenye mshahara alifikiri mara mbili. Tena mawimbi yale hayakupenya mapaa na kuta, kwa hiyo antena ilitaka kukaa dirishani au uani, na anayesafiri kwa gari hakufaidi kitu. Mwanzoni idhaa nyingi zilisikika bure. Baadaye kampuni iliona gharama zake hazirudi, ikaanza kudai ada, na walio wengi hawakuwa tayari kulipa ada ya redio wakati redio nyingine zote husikika bure. Mwaka 2005 kampuni iliuza hisa zake katika soko la hisa la Marekani, na watu wakazinunua. Mwezi wa Oktoba 2008, ambao ni mwaka niliozaliwa mimi, ikaenda mahakamani Marekani kuomba ulinzi wa mufilisi, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 2. Wateja wake wenye kulipa ada hawakufika hata laki mbili, na wengi wao walikuwa India, wala si Afrika ambako kazi ilianzia. Mwisho wa mwaka 2009 huduma ilikoma.

Nilimwuliza babu kama alipata kurudishiwa chochote. Alinitazama tu. Kisha akasema, «Mjukuu wangu, redio haiozi kama ndizi, lakini ile iliniozea mikononi.» Redio yake ya zamani ya FM, ambayo aliinunua kabla ya hiyo, husema hata leo, ingawa kitasa cha betri kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Najua nitajibiwa kwamba setilaiti ni jambo lingine, na kwamba dijitali inayosemwa siku hizi ni ile ya minara ya ardhini, iitwayo DAB. Haya, tuitazame hiyo. Nayo si kitu kipya kama wengi wanavyodhani. Kazi ya kuibuni ilianza Ulaya katika mwaka 1987, na mwaka 1995 Norway na Uingereza zikaanza kutangaza kwa njia hiyo. Mwaka huo baba yangu alikuwa bado shule ya msingi. Kitu ambacho kina umri wa miaka thelathini, na bado watu wanakiita kipya, kina sababu ya kuchelewa, na sababu hiyo yafaa ichunguzwe.

Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu walijaribu kwa bidii na wana fedha. Mwaka 1999 kampuni iitwayo Digital One ilianza kurusha vituo vya biashara nchi nzima kwa DAB. Miaka tisa baadaye, mwaka 2008, mambo yalikuwa hivi: kampuni ya GCap, iliyokuwa mwenye hisa mkubwa wa Digital One na mwenye vituo vingi, ilitangaza kwamba DAB kwa gharama zake za wakati ule haina faida, ikaamua kuuza hisa zake na kufunga vituo vyake vya dijitali. Kituo chake cha muziki wa jazi kilifungwa. Kituo kingine, kilichokuwa cha hadithi na michezo ya kuigiza, Oneword, kilikuwa kimekwisha funga mlango mwezi wa Januari mwaka uleule. Tena Channel 4, shirika kubwa la televisheni, ambalo mwaka 2007 lilipewa haki ya kuanzisha mtandao wa pili wa DAB wa nchi nzima, liliacha mpango wote mwezi wa Oktoba 2008 bila kurusha hata neno moja. Hawa hawakuwa watu wajinga. Walikuwa na wahesabu wao, na wahesabu waliwaambia kwamba wanalipia minara miwili kwa msikilizaji mmoja.

Hapo nataka kukaa kidogo, maana mimi naona ndicho kiini cha jambo. Kituo cha redio cha biashara hula kwa matangazo. Mwenye duka hulipa ili watu elfu kumi wasikie habari za sabuni yake. Kituo kikianza kutangaza kwa FM na kwa dijitali pamoja, wale watu elfu kumi hawawi elfu ishirini. Ni walewale, ila wengine wamehama chombo. Mwenye duka halipi zaidi hata senti. Lakini kituo sasa kina bili mbili za umeme, mafundi wa namna mbili, na kodi mbili za kulipia minara. Wala hakiwezi kuuzima mtambo wa FM, kwa sababu wengi bado wako huko. Na wale walioko huko hawana haraka ya kununua redio mpya, kwa kuwa kituo wanachokipenda wanakipata bado kwa redio ya zamani. Hivyo kila mmoja anamngoja mwenzake, na wakati wote huo kituo kinatoa damu.

BBC iliweza kuvumilia kwa kuwa hailii matangazo ya biashara huko kwao. Huendeshwa kwa ada ambayo kila nyumba yenye televisheni hutozwa. Nasema kweli, baada ya miaka mingi DAB huko Uingereza ilipata nguvu, na mwaka 2018 usikilizaji kwa njia za dijitali ulipita nusu, ukihesabu DAB, intaneti na televisheni kwa pamoja. Sipendi kuficha hilo. Lakini hata baada ya hapo Serikali yao ilipochunguza jambo hili mwaka 2021 ilionekana kwamba FM yafaa iendelee walau mpaka mwaka 2030. Basi kama Mwingereza, baada ya zaidi ya miaka ishirini na tano ya kulipia njia mbili, hajathubutu kuizima FM, sisi tunaona haya ya nini kununua mtambo mmoja wa kilimani?

Norway ndiyo ambayo wenzangu huitaja kila mara, na ni haki yao. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya nchi nzima katika mwaka 2017, kuanzia Januari upande wa kaskazini na kumaliza Desemba. Tena ilikuwa na hoja ya fedha, hoja nzito. Nchi ile ni ndefu, imejaa milima na ghuba, na Serikali yao ilisema kwamba kurusha kituo kimoja kwa FM huko kuligharimu mara nane zaidi ya kukirusha kwa DAB. Kwa FM walikuwa na vituo 5 vya nchi nzima, na kwa DAB nafasi ilipatikana ya vituo 22. Mtu akisikia hivyo tu atasema, naam, na tufanye kama Norway!

Ila tuulize nani alilipa. Gharama ilipungua kwa wenye vituo, lakini haikutoweka; ilihamia mifukoni mwa wasikilizaji. Redio za FM nyumbani hazikufaa tena kwa vituo vile. Magari yapatayo milioni 2 hayakuwa na DAB, na mwenye gari alitakiwa kununua kifaa cha kuunganisha chenye bei ya dola 170 hivi. Gazeti moja la huko lilipowauliza watu mwezi wa Desemba 2016, asilimia 66 walipinga kuzimwa kwa FM na asilimia 17 tu walikubali. Usikilizaji ulipungua baada ya hapo. Na hayo ni mambo ya nchi yenye watu milioni 5 na mafuta ya petroli baharini. Waswisi nao: shirika lao la utangazaji, SRG, lilizima FM mwisho wa mwaka 2024, likapoteza wasikilizaji, na vituo vingi vya watu binafsi vilibaki kwenye FM vikiwapokea.

Tena liko jambo moja la Norway ambalo wenzangu hawakulisema katika mdahalo, na nadhani hawakulijua. Redio ndogo za wilaya hazikuzimwa. Nyingi ziliachwa ziendelee na FM. Hata huko walikoipenda dijitali kuliko wote, waliona kwamba redio ndogo kama yetu haifai kusukumwa humo.

Kwa nini haifai? Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mtambo wa DAB haurushi kituo kimoja. Hurusha furushi la vituo vingi katika wimbi moja, na furushi hilo wataalamu huliita maltipleksi. Furushi moja huchukua nafasi ya megahezi 1.5 hivi, na kwa namna mpya ya DAB+ laweza kubeba vituo kama 18 vya sauti nzuri, kila kimoja kikipewa kilobiti 64. Basi gharama ya mtambo ikigawanywa kwa vituo 18, kila kimoja chalipa kidogo, na hiyo ndiyo siri ya ile hesabu ya Norway. Ni kama lori. Lori likijaa magunia 18 ya watu 18, nauli ni nafuu. Lakini wilaya yetu ina kituo kimoja tu. Sisi tungelikodi lori zima kwa kupeleka gunia moja sokoni, tena sokoni hakuna mnunuzi, kwa sababu hakuna hata nyumba moja katika tarafa yetu yenye redio ya DAB. Nimeuliza. Nilizunguka maduka manne ya mjini siku ya ruhusa, na muuzaji mmoja alidhani naulizia dawa ya mbu.

Katika maduka hayohayo redio ndogo ya FM hupatikana kwa shilingi 15,000, na vitochi vingi vya simu vina FM ndani yake, ambayo mwenye simu haongezi hata shilingi kuisikiliza. Redio ya DAB, hata ile ya bei ya chini huko Ulaya, hupita mara kadhaa bei hiyo, nayo hula betri upesi zaidi kwa kuwa ndani yake ni kama kompyuta ndogo inayofanya kazi bila kupumzika. Kwa mtu wa mjini mwenye umeme hilo si neno. Kwa mama yangu, ambaye hununua betri mbili kwa mwezi na kuziweka juani zikichoka, ni neno kubwa.

Liko na jambo la kuchakaa upesi. Namna ya kwanza ya DAB ilifuatwa na DAB+ katika mwaka 2007, na redio nyingi zilizonunuliwa mwanzoni haziwezi kuifahamu ile ya pili. Wale waliotangulia kununua, wakajisifu kwa jirani zao, walikuta vituo vikihamia lugha ambayo redio zao haziijui. Babu yangu angewaelewa vizuri. India nayo ilichagua njia nyingine ya dijitali iitwayo DRM, na shirika lao la utangazaji likaweka mitambo ya nguvu zaidi ya 30. Mitambo ipo na inafanya kazi, lakini redio za kuipokea zilikuwa ghali na chache madukani, na wasikilizaji wakawa wachache vilevile.

Sasa nije kwenye televisheni, maana ndipo fikira za wengi zilipopotea. Watu husema, «Mbona televisheni ilihamia dijitali, na tulilalamika, na leo tumezoea? Redio nayo itakuwa hivyohivyo.» Ni kweli kwamba mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na baadaye mikoa mingine. Mama husimulia kwamba zamu ya kwetu ilipofika, televisheni ya jirani ilikaa miezi mingi imefunikwa kitambaa mpaka alipopata fedha ya king'amuzi. Lakini televisheni ilikuwa na mkataba. Mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006, chini ya Shirika la Mawasiliano ya Simu Duniani, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho. Mkataba ule haukuigusa FM. Hakuna tarehe ya dunia ya kuizima FM, na anayesema ipo na atuonyeshe.

Tena televisheni ilikuwa na faida ya fedha iliyojificha nyuma. Masafa iliyoyaacha ni mapana, na kampuni za simu ziliyatamani sana kwa ajili ya intaneti. Serikali mbalimbali duniani ziliyauza kwa fedha nyingi. FM je? FM yote, tangu 87.5 mpaka 108, ni megahezi 20.5 tu, na kampuni za simu haziyagombei masafa hayo. Kwa hiyo hakuna tajiri anayengoja mlangoni na mfuko wa kulipia uhamisho wetu. Televisheni ilihama kwa kuwa nyumba aliyoiacha ilipata mnunuzi. Redio ikihama itaiacha nyumba wazi. (Mwalimu wetu wa Fizikia, ambaye nilimwonyesha makala hii, alisema hoja hii ndiyo iliyo bora, na kwamba mengine nimeyasema kwa hasira. Labda.)

Sisemi kwamba dijitali ni mbaya. Mahali penye vituo vingi na masafa yamejaa, kama miji mikubwa, yaweza kufaa kabisa. Huko Afrika ya Kusini walianza majaribio ya DAB+ katika Johannesburg na Pretoria mwaka 2014, na ni sawa, maana huko mtu akitaka kufungua kituo kipya cha FM hapati nafasi. Uingereza nako wamebuni mitambo midogo ya DAB ambayo hutumia kompyuta za kawaida na programu za bure, nayo imepunguza sana gharama ya kurusha. Nilipoisoma habari hiyo, kwa dakika kumi nzima nilidhani nimeshindwa na hoja yangu yote imeanguka. Kisha nikakumbuka kwamba mtambo wa bei rahisi humsaidia anayesema, lakini haumpi redio anayesikia. Na tatizo letu halikuwa kukosa nafasi hewani. Zungusha kitasa cha redio jioni hapa bwenini, utapita masafa matupu mpaka uchoke.

Wako pia wanaosema, acheni minara yote, wekeni redio ya wilaya katika intaneti. Nami najibu kwa ufupi. Anayesikiliza kwa intaneti hulipia bando kila saa anayosikiliza, na asipolipa hasikii. Mwenye FM akisha kununua redio yake husikia mpaka afe. Mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu hata simtaji.

Basi nirudi kwenye mfuko wetu. Wakati tunapobishana, watu wanapata hasara. Kituo kile kilikuwa kikitangaza siku ya chanjo ya ng'ombe, bei ya mahindi mnadani, mtoto aliyepotea, misiba, na matokeo ya mpira wa shule zetu. Mwezi wa Mei mzee mmoja wa kata ya jirani alizikwa, na mwanawe aliye upande wa pili wa mto alipata habari siku ya tatu, kwa kuwa kijiji chake hakina mtandao wa simu na tangazo la msiba halikuwa na mahali pa kusomwa. Hao wanaosema tungoje miaka mitano au kumi hawajaniambia ni nani atakayekwenda kwa mguu kupeleka habari kama hizo katika miaka hiyo.

Mimi nataka Chama kitoe fedha zinazoombwa, zote, kwa ajili ya mtambo wa FM, na kwa sharti moja: kamati inunue pia kinga ya radi na waya wa kuingia ardhini, iufunge mlingoti vizuri kabla ya mvua za vuli, na mwanachama mmoja wetu aoneshwe risiti. Maana mtambo wa kwanza haukuuawa na uzee wa FM. Uliuawa na radi, na waya wa ardhini tuliouona tulipopanda kilimani na Mwalimu ulikuwa umekatika siku nyingi, kutu imeula. Mtambo wa dijitali nao ungeungua usiku uleule, ila ungetugharimu zaidi.

Mkutano wa Chama utafanywa Ijumaa ya pili ya muhula ujao, baada ya chakula cha jioni, katika chumba cha Fizikia. Nimeandika jina langu miongoni mwa wasemaji, na yule mwenzangu wa taipureta ameandika lake chini yangu. Babu amenipa ruhusa niichukue redio yake nyeusi niilete mkutanoni. Ametaka niirudishe ikiwa nzima, kwa kuwa fundi mmoja amemwambia spika yake bado ni nzuri na yaweza kufungwa katika ile ya FM.